Panga Lililoletwa Darasani
Hotuba kwa walimu wa historia, Ngara

Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Na nyie vijana wa kidato cha nne mliopewa ruhusa ya kukaa nasi, hamjambo? Sogeeni huku, nafasi bado ipo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafundisha watoto habari za mauaji makubwa yaliyotokea duniani, na namna ya kuwalea waweze kuishi na watu wasiofanana nao. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Limenikaa moyoni zaidi ya miaka thelathini, na leo nimepata mahali pa kulisemea.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu kijana wa historia, sijamaliza hata miaka mitatu kazini. Tarehe 28 na 29 Aprili, ndani ya saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, ambako mauaji ya Watutsi yalikuwa yanaendelea, wakaingia katika wilaya yetu hii. Wa rika langu mnakumbuka. Barabara nzima ilikuwa vichwa vya watu, magodoro, masufuria, mbuzi, watoto mgongoni na watoto mkononi. Pale mpakani waliamriwa kuacha silaha, na kando ya barabara yakarundikana mapanga, marungu na mikuki. Chini ya daraja, mtoni, miili ilikuwa inapita. Kagera iliibeba hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa upande wa Uganda wakageuka wazikaji. Sitaieleza zaidi ya hapo. Aliyeiona hahitaji kukumbushwa na mimi.

Wiki chache baadaye, asubuhi, mwanafunzi wa kidato cha pili akaingia darasani na panga. Alikuwa ameliokota njiani. Mnaujua utaratibu wa shule zetu: mwanafunzi anaporipoti huja na jembe, panga, ndoo na fagio. La kwake lilikuwa limepotea, akaona Mungu kamletea jingine. Lilikuwa panga la kawaida kabisa, la kufyekea majani. Mpini wake wa mti ulikuwa umezungushiwa ukanda wa mpira wa tairi ili usiteleze mkononi, na ule ukanda umebanwa kwa vimisumari vitatu vidogo vilivyopangwa sawasawa, kama kazi ya fundi viatu. Kuna mtu alikaa chini akaifanya kazi ile kwa utulivu, labda mbele ya nyumba yake, labda mwanawe akimshikia nyundo. Vile vimisumari nikifumba macho naviona hadi leo.

Yule mtoto akaliweka juu ya meza yangu. Akaniuliza, "Mwalimu, mwenye panga hili naye alisoma shule?"

Nikamwambia, "Kaa chini. Hilo halimo kwenye mtihani." Nikageukia ubao nikaandika: Mapinduzi ya Viwanda Ulaya.

Ndugu zangu, ndilo kosa lenyewe. Mtoto aliniletea swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa, nikalifunika kwa vumbi la chaki. Sikuwa na ubaya moyoni. Nilikuwa naogopa. Niliona nikilifungua nitashindwa kulifunga, na pale darasani walikuwamo watoto wenye ndugu ng'ambo ya mto. Nadhani wengi wenu hapa mmewahi kufanya hivyo, na kwa sababu ileile.

Jibu la swali lile lilitolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998. Siku hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu kwa mauaji ya kimbari. Mkataba wa kuzuia kosa hilo ulikuwa umepitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1948, na kwa nusu karne hakuna mahakama ya kimataifa iliyokuwa imemhukumu mtu yeyote kwa kosa hilo. Wa kwanza alihukumiwa hapa kwetu, Tanzania. Akayesu alikuwa meya wa komuni ya Taba, yaani eneo la utawala kule Rwanda. Na kabla ya kuwa meya alikuwa nani? Alikuwa mwalimu. Akapanda akawa mkaguzi wa shule.

Naomba tulitafakari hilo taratibu. Mwenzetu. Aliyeshika chaki, aliyesahihisha madaftari, aliyejua majina ya watoto na ya wazazi wao. Mahakama iliona kwamba tangu mauaji yaanze tarehe 7 Aprili hadi kama tarehe 18, Akayesu alijaribu kuyazuia yasiingie Taba. Tarehe 18 akaenda kwenye kikao cha viongozi. Alfajiri ya tarehe 19, mahali paitwapo Gishyeshye, akasimama mbele ya umati akawahimiza wamwondoe "adui". Kila mtu pale alielewa adui ni nani: Mtutsi. Kuanzia hapo Taba ikaungua, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo walimu.

Kwa hiyo mtoto wangu, popote ulipo leo na umri wako wa utu uzima: ndiyo, alisoma. Tena huenda aliyemwamrisha ndiye aliyemfundisha kusoma.

Ninachowaomba walimu wa historia ni hiki. Tusiwafundishe watoto kwamba mauaji hufanywa na mazimwi. Tukiwapa zimwi, watarudi nyumbani wametulia, maana wakijitazama kwenye kioo hawaoni pembe. Tuwafundishe ile siku moja kati ya tarehe 18 na tarehe 19. Na tuwafundishe siku nyingi za kabla yake, ambazo hakuna aliyekufa.

Siku hizo zilipita darasani. Wabelgiji ndio waliowapa Wanyarwanda vitambulisho vyenye neno Mhutu, Mtutsi au Mtwa, miaka ya 1930. Uhuru ukaja, lile neno likabaki. Waliookoka wameeleza mara nyingi jambo lilelile: mwalimu anaingia na daftari, anasema, Wahutu simameni. Wanasimama, anawahesabu, wanakaa. Watutsi simameni. Wanasimama wachache, darasa zima linawageukia. Kuna watoto waliosimama na kundi lisilo lao kwa kuwa nyumbani hakuna aliyewahi kuwaambia wao ni nani, wakachekwa, wakaambiwa wakawaulize wazazi. Hesabu ile ilikuwa na kazi yake, kwa sababu nafasi za kuingia sekondari ziligawiwa kwa kabila. Mwalimu pengine alikuwa anajaza fomu tu kama tunavyojaza fomu sisi. Hakumpiga mtoto, hakumtukana. Lakini yule wa miaka saba aliyesimama peke yake alikwishajua kitu, na wenzake walioketi wakimtazama wakakijua pia.

Kisha yakaja maneno. Redio iliyoitwa RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Vijana waliipenda. Ilikuwa na muziki mzuri, watangazaji wachangamfu na utani mwingi. Ndani ya utani huo Mtutsi aliitwa inyenzi, yaani mende. Hakuna anayelaumiwa kwa kuua mende. Mende hukanyagwa, kisha mtu anaendelea na chakula. Waliohusika na redio ile wawili, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, walitiwa hatiani Arusha Desemba 2003, kwa maneno. Tangu Aprili hadi Julai 1994, katika siku mia moja, waliuawa watu zaidi ya 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na Rwanda yenyewe inahesabu zaidi ya milioni moja, wengi mno wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Takwimu hiyo wanafunzi wetu huikariri vizuri. Sina neno na takwimu. Lakini sijawahi kumwona mtoto akibadilika kwa kukariri takwimu.

Ninachojua kuwa kinawabadilisha ni habari za Nyange.

Nyange iko magharibi ya Rwanda. Aprili 1994 Watutsi wa pale walikimbilia kanisani. Tarehe 16, tingatinga lilibomoa kanisa wakiwa ndani. Mahakama ya Arusha iliona kuwa walikufa wasiopungua 1,500, na padri wa parokia ile, Athanase Seromba, akahukumiwa. Kwenye rufaa alipewa kifungo cha maisha. Nawasimulia wanafunzi hivyohivyo bila kuongeza chumvi. Padri. Kanisa. Waumini wake.

Kisha nawapa miaka mitatu baadaye. Nyange hiyohiyo ina shule ya sekondari ya bweni. Tarehe 18 Machi 1997, jioni, wanafunzi wa madarasa ya juu wamekwisha kula, wamekaa wanajisomea kama mnavyojisomea nyie vijana hapa usiku. Wanaingia watu wenye bunduki, masalia ya waliofanya mauaji. Wanaamuru: Wahutu upande huu, Watutsi upande huu.

Hapo huwa nanyamaza kidogo. Kila darasa nililofundisha, hapo wanainua vichwa.

Wale wanafunzi hawakugawanyika. Jibu lililotoka lilikuwa: hapa hakuna Wahutu wala Watutsi, sisi sote ni Wanyarwanda. Wakaamriwa tena, wakakataa tena. Wakapigwa risasi, wakarushiwa gruneti. Sita waliuawa, wengine wakajeruhiwa, wapo waliobaki na ulemavu. Rwanda imewaweka wanafunzi wa Nyange, waliokufa na walio hai, katika daraja la mashujaa liitwalo Imena.

Tazameni jambo hili, walimu. Amri ni ileile. Huku simama, huku simama. Mwaka fulani inatoka mdomoni mwa mwalimu, darasa linatii. Mwaka mwingine inatoka kwa mtu mwenye bunduki, darasa linakataa. Na wale watoto hawakuutoa ujasiri ule kwenye kitabu cha historia, maana baada ya 1994 somo la historia lilisimamishwa katika shule za Rwanda kwa miaka kadhaa. Mimi naamini waliutoa bwenini. Waliutoa kwenye kuazimana sabuni, kupokezana zamu ya kuchota maji, kulala kitanda cha juu na cha chini na mtu ambaye ndugu zake waliwaua ndugu zako, na asubuhi mkaamshwa na kengele moja. Ndiyo maana siku hizi nikialikwa shuleni nauliza kwanza habari za bweni na meza ya chakula, kabla ya kuuliza habari za muhtasari wa somo.

Niseme kidogo kuhusu neno tunalolitumia, uvumilivu. Kwenye barua ya mwaliko limeandikwa mara nne. Kwa Kiswahili chetu mtu huvumilia njaa, huvumilia jua, huvumilia ugonjwa. Ukimwambia mtoto amvumilie mwenzake umekwisha kumwambia kuwa mwenzake ni mzigo. Mimi nasema kuzoeana. Kuzoeana ni kazi ya kila siku. Waswahili husema mazoea yana taabu, nami nakubali katika mambo ya mapenzi. Lakini katika jambo hili kutozoeana ndiko kulikoleta taabu.

Sasa tuje nyumbani, kwa kuwa ni rahisi kulia kwa ajili ya jirani. Sisi Watanzania tunapenda kusema, yalitokea kwao. Mwaka 2013 wakati wa Operesheni Kimbunga, watu walioonekana kuishi nchini kinyume cha sheria waliondolewa katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Nchi ina haki ya kulinda mpaka wake, sipingi. Lakini walikuwamo walioishi hapa miaka na miaka, wameoa hapa, wameolewa hapa, wamezika hapa. Nami nilikuwa darasani. Nilimwona msichana mmoja akihamishwa dawati na wenzake, si na mwalimu, na wenzake, wakisema, kaa kule mhamiaji, baba yako anafuatwa. Kihangaza chake, lugha yetu ya hapa Ngara, kilikuwa safi kuliko changu. Wiki iliyofuata hakuja. Kwenye daftari la mahudhurio niliweka alama ya utoro, kwa sababu daftari halikuwa na alama nyingine.

Na habari ya ndugu zetu wenye ualbino mnaijua, sitairefusha. Katika Kanda yetu hii ya Ziwa waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, na nchini kwa jumla waliouawa tangu mwaka 2000 ni zaidi ya 70. Watoto wakapelekwa kwa ajili ya usalama kwenye shule kama Mitindo kule Misungwi, Buhangija kule Shinyanga na Kabanga kule Kasulu, wakaishi ndani ya uzio mbali na mama zao. Mwaka 2024, hapahapa mkoani kwetu, mtoto mdogo aliibwa akauawa. Kabla ya panga lilitangulia neno. Mitaani waliitwa "dili". Watoto wetu walilisikia, wengine wakalirudia wakicheka, na mimi na wewe tulipita tukielekea ofisini.

Kuna jingine la kwetu tunalolifundisha nusu. Songea, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa zaidi ya 60 wa Majimaji, vita vya kupinga ukoloni wao. Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika pale tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha. Vizuri sana, na kila mtoto ajue. Lakini waliochoma ghala za chakula kusini yote, mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, wengi wao walikuwa askari weusi waliovaa sare za Mjerumani. Walitoka Sudani, walitoka Unyamwezi, walitoka Manyema. Hilo huwa tunalipita haraka. Mimi nasema mtoto wa kidato cha tatu aambiwe. Akiambiwa tu kwamba sisi siku zote tulikuwa tunaouawa, hatajua kujilinda siku atakapopewa sare na amri.

Mnaniuliza, na mwalimu mmoja kaniandikia kabisa kikaratasi hapa: mtoto aanze lini, na aonyeshwe nini? Sina kanuni, nina uzoefu. Picha za maiti na mafuvu msiwaonyeshe. Nimeona watoto wakiziangalia wakaota usiku, nimeona wengine wakicheka kwa woga, na katika hali zote mbili hakuna kilichoingia. Yule aliye pichani naye ana heshima yake. Mama yake asingependa aonekane hivyo na watoto wa watu. Waonyesheni kitambulisho. Waonyesheni lile neno moja lililoandikwa juu yake, muwaulize, kama lisingekuwapo, vile vizuizi vya barabarani ambako wauaji walikagua vitambulisho vingefanyaje kazi? Darasa la nne na la tano waanze na majina ya utani: nani anaitwa nini humu darasani, na nani alimwomba aitwe hivyo? Nyange waipate wakifika kidato cha pili. Habari za Akayesu zingoje kidato cha tatu au cha nne, maana zinadai mtu aliyekwisha kuanza kujifikiria atakuwa nani.

Na tufundishe kwa Kiswahili. Somo letu la Historia ya Tanzania na Maadili sasa linatupa nafasi hiyo. Mimi nilifundisha miaka mingi kwa Kiingereza, na niliona jinsi mtoto anavyoweza kuandika sentensi nzuri kabisa kuhusu mauaji bila sentensi hiyo kumgusa popote. Mwambie "mauaji ya kimbari" naye atakuuliza mbari ni nini. Utamwambia ni ukoo. Kisha atakaa kimya akihesabu ukoo wake: bibi, shangazi, wadogo zake. Hapo somo limeanza, na hujaandika kitu ubaoni.

Kuna jambo moja linalonipa shida mpaka leo, nalisema kwa vijana waliopo hapa pia. Katika kambi ya wakimbizi ya Benaco, hapa Ngara, walikuwamo wauaji, na walikuwamo watoto wa wauaji. Nilikwenda kule kusaidia kufundisha chini ya mahema ya plastiki. Mtoto wa miaka kumi aliniuliza kama baba yake atakwenda motoni. Nilikuwa nimekwishajifunza kidogo kutokana na lile panga. Sikumwambia akae chini. Nilimwambia sijui habari za baba yake, lakini wewe hukufanya kosa lolote, njoo ukae hapa mbele tusome. Akaja. Tukasoma. Darasani kwenu leo, walimu, anaweza kuwapo mjukuu wa aliyeua na mjukuu wa aliyeuawa, na wote wawili hawajui. Semeni kwa namna ambayo siku wakijua wataweza kuendelea kukaa dawati moja.

Nimeongea sana, na jua limepanda. Ombi langu la mwisho ni la utaratibu. Nimezungumza na wenzetu, na tungependa tarehe 18 Machi ijayo tuwapeleke wanafunzi Rusumo kwa miguu yao, wasimame kwenye maporomoko. Siku hizi pana mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana, na watoto watataka kuuona, waacheni wauone. Kisha tuwasimulie mto ule ulibeba nini, na tuwasomee habari za Nyange palepale, ng'ambo ikionekana. Walimu wa shule zilizo jirani na mpaka, nawaomba mbaki kidogo baada ya chai tupange idadi ya wanafunzi, chakula, na barua za kuomba ruhusa kwa wazazi. Nimekuja na kalamu na karatasi.